Nguo za mtoto tayari, je, msamba umeuandaa?

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na umri wa siku nne wakati kina mama wa upande wa mume wangu walipokuja kumwona. Walifika na chupa mbili za uji, mkungu wa ndizi na sufuria ya njahi iliyofungwa kwa leso, na wimbo wakauanzia mlangoni. Niliwapokea nikiwa nimesimama. Wakaketi, mimi nikabaki wima.

"Keti, mwanangu. Si umechoka?" mama mkwe akaniambia.

Nikatabasamu na kudai kwamba mtoto hutulia zaidi nikisimama naye. Ulikuwa uongo mtupu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshonwa, na katika nyumba ile hapakuwa na kiti ambacho ningeweza kukikalia kwa zaidi ya dakika moja, tena kwa upande mmoja tu huku nimeshikilia ukingo wa meza. Kila jioni nilikuwa nikijifungia bafuni na beseni la maji ya uvuguvugu, na kila nilipotaka kwenda haja kubwa nililia kabla ya kuanza.

Leo najua kwamba kila mama aliyekuwa sebuleni siku ile alielewa ni kwa nini sikuketi. Hakuna hata mmoja aliyelitaja jambo hilo.

Mwezi uliopita mdogo wangu, ambaye yuko mwaka wa mwisho chuoni na ana mimba yake ya kwanza, alinipigia simu saa nne za usiku. Alikuwa ametoka kuzungumza na wenzake wa bweni la zamani, na mmoja wao aliyejifungua mwaka jana alikuwa amemweleza mambo yaliyomnyima usingizi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dadangu, ni kweli kwamba lazima nipasuke?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Nimelitafutia jibu kwa wakunga na katika maandishi ya wataalamu. Jibu lenyewe ni kwamba si lazima, ingawa hutokea kwa wengi, na kuna jambo dogo ambalo mama anaweza kulifanya mwenyewe nyumbani, bila gharama, ili kupunguza uwezekano huo.

Kama unaisoma kurasa hii ndani ya matatu, msomaji, likunje gazeti kidogo, kwa maana hapa tutavitaja viungo kwa majina yake.

Msamba ni nini?

Vijana wanalijua neno hili kutokana na sarakasi, wanapomwona mtu akitanua miguu hadi ikalala chini wakasema amepiga msamba. Msamba wenyewe ni ile sehemu ya nyama na misuli iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa. Kwa siku za kawaida huna sababu ya kuufikiria. Siku ya kujifungua, sehemu hiyo ndogo hutakiwa kutanuka hadi kichwa cha mtoto kipite, na baada ya kichwa, mabega.

Maumbile yameiandaa kwa kazi hiyo. Katika miezi ya mwisho ya ujauzito damu huongezeka katika eneo hilo na nyama hulainika. Hata hivyo, aghalabu hasa kwa mama anayezaa kwa mara ya kwanza, msamba huchanika. Chama cha kifalme cha madaktari wa uzazi nchini Uingereza huwaeleza kina mama kwamba, kati ya kila wanawake 10 wanaojifungua mtoto wa kwanza kwa njia ya kawaida, 9 hupata mchubuko, mpasuko au hukatwa. Nilipomsomea mdogo wangu takwimu hizo alinyamaza kwa muda mrefu kwenye simu, nikajuta. Kwa hivyo naharakisha kueleza kwamba mipasuko si sawa.

Wataalamu huigawa katika viwango vinne. Kiwango cha kwanza ni ngozi tu iliyochubuka, na mara nyingi hupona bila hata mshono mmoja. Kiwango cha pili hufika kwenye misuli ya msamba na kwa kawaida hushonwa. Hicho ndicho kilichonipata mimi. Kiwango cha tatu hufika kwenye msuli unaofunga njia ya haja kubwa, nacho cha nne hupita hadi ndani ya utumbo wa mwisho wenyewe. Viwango hivi viwili vya mwisho ndivyo vinavyopaswa kuogopwa, kwa sababu visiposhonwa vyema na mtaalamu, mama anaweza kubaki akishindwa kuzuia hewa au choo. Kwa mujibu wa chama hicho hicho, huko Uingereza huwapata takriban wanawake 6 kati ya 100 wanaozaa mara ya kwanza, na wasiofika 2 kati ya 100 ambao wamewahi kuzaa kwa njia ya kawaida.

Hapa pia tusichanganye mambo. Ugonjwa wa nasuri, ambao humfanya mama avuje mkojo au choo daima, kwa kawaida husababishwa na uchungu wa muda mrefu ambapo kichwa cha mtoto hukwama na kubana nyama hadi zikafa. Kinga yake ni kumfikisha mama hospitalini mapema, wala haihusiani na kukandwa msamba.

Makasi yaliyosifiwa mno

Kwa miaka mingi, dawa ya kupasuka ilidhaniwa kuwa ni kukata. Mama alipofikia kusukuma, mkunga alichukua makasi na "kumwongezea njia", kama wanavyosema kina mama wodini. Hoja ilikuwa kwamba jeraha lililonyooka ni rahisi kushona na hupona haraka kuliko mpasuko wa kujichanikia. Madaktari walifundishwa hivyo, nao wakawafundisha wauguzi, na kina mama wakaamini kwamba kila mzaliwa wa kwanza lazima apishwe kwa makasi.

Kisha watu wakaamua kupima. Mwaka wa 1993 matokeo ya utafiti uliofanywa Argentina kwa wanawake 2,606 yalichapishwa. Katika kundi moja wakunga walikata karibu kila mara, na katika jingine wakakata tu palipokuwa na sababu. Kundi la kwanza lilikatwa zaidi ya wanawake 80 kati ya 100, la pili 30 kati ya 100. Mipasuko mibaya haikupungua katika lile lililokatwa zaidi. Kwa maneno mengine, makasi hayakuwa yakiwakinga kina mama na jambo lililoogopwa.

Leo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2018 kuhusu huduma wakati wa kuzaa, halipendekezi kumkata kila mama kama desturi. Zipo nyakati ambapo kukata ni kwa lazima, mathalan mapigo ya moyo ya mtoto yanapodhoofika na inabidi atoke haraka. Mama akielezwa hivyo, asibishane. Lakini ana haki ya kuelezwa, na ana haki ya kudungwa sindano ya ganzi kabla ya kukatwa na kabla ya kushonwa. Kwa hili la ganzi nasema kwa uchungu, maana nimewasikia wenzangu wengi wakisimulia.

Kukanda kabla ya siku kufika

Sasa tufikie lile jambo dogo. Nililisikia mara ya kwanza kutoka kwa sista mmoja mstaafu katika mtaa wetu, mkunga aliyewapokea watoto kwa zaidi ya miaka 30, nilipokuwa na mimba ya mtoto wangu wa pili. Tulikuwa tukichagua sukuma wiki kwa mama mboga. Alinitazama tumbo, akanisogelea na kuniuliza, "Je, msamba unaukanda, mwanangu?" Nilidhani sikusikia vizuri.

Kukanda msamba, au kuuchua kama wasemavyo wengine, ni kuinyoosha sehemu hiyo polepole kwa vidole vilivyopakwa mafuta safi, kwa dakika chache, kuanzia wiki ya 34 ya ujauzito. Lengo ni mawili. La kwanza ni kuizoesha nyama kutanuka. La pili, ambalo sista alilisisitiza zaidi, ni kumzoesha mama mwenyewe ile hisia ya kuchomachoma ambayo ataisikia kichwa cha mtoto kinapochomoza, ili siku hiyo asikaze mwili kwa hofu.

Usidhani ni imani za vikongwe. Jambo hili limepimwa. Utafiti mkubwa zaidi ulifanywa katika hospitali za mkoa wa Quebec nchini Kanada na kuchapishwa mwaka wa 1999. Ulihusisha wanawake 1,527. Nusu waliombwa wakande msamba kwa dakika 10 kila siku kuanzia wiki ya 34 au 35, nusu nyingine hawakuombwa. Kati ya waliokuwa hawajawahi kuzaa kwa njia ya kawaida na wakazaa hivyo, 24 kati ya kila 100 waliokanda walitoka na msamba mzima, ilhali kati ya wale wasiokanda walikuwa 15 kati ya 100.

Baadaye wataalamu walijumlisha matokeo ya tafiti nne zilizohusisha karibu wanawake 2,500. Hesabu yao ni kwamba kwa kila wanawake 15 wa uzazi wa kwanza wanaokanda, mmoja huepuka kushonwa ambaye vinginevyo angeshonwa. Manufaa hayo yametokana zaidi na kupungua kwa wanaokatwa kwa makasi.

Mmoja kati ya 15. Najua kuna atakayesema, "Ni huyo mmoja tu?" Nami nilisema hivyo hivyo. Lakini nikawafikiria wanafunzi wenzangu 15 tuliokaa dawati kwa dawati, na nikamfikiria huyo mmoja akiketi kitini kuwapokea wageni wake. Kwa kazi ya dakika kumi na mafuta ya shilingi chache, sioni kwamba ni bei ghali.

Ni vyema pia kusema wazi kile ambacho kukanda hakujaonyeshwa kufanya. Hakujaonekana kupunguza ile mipasuko mibaya ya kiwango cha tatu na cha nne. Wala kwa mama aliyewahi kuzaa kwa njia ya kawaida hakukuonekana kupunguza kushonwa, ingawa kina mama hao waliripoti maumivu machache ya msamba miezi mitatu baada ya kujifungua. Kwa hivyo mimi, niliyekanda kwa mtoto wa pili na nisishonwe, siwezi kujigamba kwamba ni mafuta yaliyonisaidia. Huenda ni njia tu iliyokuwa imezoea. Mtu aliyestahili kuambiwa habari hizi ni yule msichana niliyekuwa miaka minne kabla, na ndiyo sababu ninamwambia mdogo wangu.

Namna ya kufanya

Kwanza muulize mkunga au daktari wako wa kliniki kama kwako wewe hakuna kizuizi. Ukishakubaliwa, kata kucha za vidole gumba ziwe fupi kabisa, na unawe mikono kwa sabuni. Nenda haja ndogo. Wakati mzuri ni baada ya kuoga maji ya uvuguvugu, kwa sababu mwili umelegea.

Mafuta yawe safi na yasiwe na manukato: ya alizeti, ya zeituni au ya nazi yanafaa. Yale ya mgando ya kujipaka mwilini na yale ya watoto yenye harufu yaache kwenye rafu. Jambo moja ambalo watu husahau ni kwamba mafuta hudhoofisha mpira wa kondomu. Kama wewe na mwenzako mnatumia kondomu, jisafishe kwanza, tena msikutanishe mambo hayo mawili usiku mmoja.

Keti kitandani ukiegemea mito, magoti yamekunjwa na kutanuliwa, au simama mguu mmoja ukiwa juu ya kigoda. Mara ya kwanza chukua kioo kidogo ujitazame. Usione haya. Wapo kina mama wenye watoto watatu ambao hawajawahi kujiona, na ni vigumu kukitunza usichokijua.

Paka mafuta kwenye vidole gumba na kwenye msamba. Ingiza kidole gumba kimoja au vyote viwili ndani ya uke kwa kina cha kama sentimita 3 au 4. Bonyeza kuelekea chini, upande wa njia ya haja kubwa, kisha kuelekea pembeni, polepole, hadi usikie kama nyama inavutika na kuwashwa kidogo. Shikilia hapo kwa dakika moja au mbili huku ukipumua taratibu na kuulegeza mwili. Baadaye peleka vidole upande huu na upande ule kwa umbo la herufi U, bila kupanda juu lilipo tundu la mkojo, maana huko ukikwaruza unaweza kujiletea maradhi. Kazi yote ichukue dakika 5 hadi 10.

Siku za kwanza utahisi pamekaza na huenda ukakata tamaa. Baada ya wiki moja hivi wengi huona panalegea. Iwapo unapata maumivu makali, acha, kwa kuwa hili si jambo la kukaza meno. Wala huna haja ya kulifanya asubuhi, mchana na jioni. Katika tafiti nilizozitaja, waliokanda mara moja au mbili kwa wiki walifaidika vilevile, na kuzidisha hakukuongeza faida.

Kuna wasiopaswa kukanda kabisa. Mama ambaye hajafikisha wiki ya 34. Mama aliyeambiwa kwamba kondo lake la nyuma limekaa chini na kuuziba mlango wa kizazi, au anayetokwa na damu kwa sababu yoyote ile. Mama ambaye chupa imeshapasuka na maji yanatoka. Mama mwenye maambukizi ukeni, iwe ni kuvu inayowasha, malengelenge ya sehemu za siri au uchafu wenye harufu, hadi atibiwe apone. Na mama aliyekwisha kupangiwa upasuaji hana sababu ya kujisumbua.

Yuko pia mama ambaye alikeketwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba wanawake 15 kati ya 100 wa umri wa kuzaa nchini Kenya wamepitia kitendo hicho, ingawa sheria ya mwaka wa 2011 inakipiga marufuku. Kovu halitanuki kama nyama ya kawaida. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka wa 2006, uliofanywa katika nchi 6 za Afrika, Kenya ikiwemo, na kuhusisha zaidi ya wanawake 28,000, ulithibitisha kwamba waliokeketwa hupata matatizo zaidi wakati wa kuzaa. Kama wewe ni mmoja wao, usitegemee mafuta. Mwambie mkunga mapema, kliniki ya kwanza ikiwezekana, ili akutazame na mpange pamoja utakapojifungulia. Hutakuwa wa kwanza kumwambia.

Tumbo lisiguswe

Nikiuliza huku na kule kuhusu habari hizi, wengi walinijibu, "Ah, kukandwa! Hata nyanya yetu kijijini hukanda." Huko ni kukanda kwingine. Wakunga wa jadi wengi hukanda tumbo ili, kwa maneno yao, mtoto akae vizuri. Kulisukumasukuma tumbo la mama mja mzito kwa nguvu kunaweza kulibandua kondo la nyuma na kuhatarisha mama na mtoto. Mtoto akiwa amekaa vibaya, wa kumgeuza ni daktari au mkunga aliyesomea kazi hiyo, tena hospitalini.

Hali kadhalika, msamba haupakwi majani yaliyotwangwa, maji ya sabuni wala dawa za kienyeji za "kufungua njia". Ni mafuta safi tu, na mkono safi. Mkono huo uwe wako au wa mumeo, na wala si wa jirani.

Nawe baba, ambaye bila shaka ulidhani makala haya hayakuhusu, endelea kusoma. Kufikia wiki ya 36 tumbo limekuwa kubwa na mkono wa mama haufiki vizuri. Kama yeye mwenyewe anataka, unaweza kumsaidia ukitumia vidole vya shahada vilivyokatwa kucha na kuoshwa. Atakuongoza yeye: akisema punguza, punguza, akisema acha, acha. Usiyafanye kuwa mwanzo wa mambo mengine ila naye akiwa radhi. Nimeambiwa na wanaume wawili waliojaribu kwamba jambo hilo liliwafundisha kuhusu uzazi kuliko masomo yote ya sayansi ya shule ya upili. Mmoja aliongeza kwamba alimwogopa mkewe kidogo baadaye, kwa heshima.

Siku yenyewe

Ukikanda vizuri na siku ya kujifungua ulazwe chali miguu ikiwa juu na kuambiwa, "Sukuma! Sukuma!" kwa kelele, kazi yako yaweza kwenda bure. Mwongozo ule wa mwaka wa 2018 unapendekeza kwamba wakati wa kusukuma mkunga aweke kitambaa safi kilichochovywa katika maji ya moto kiasi juu ya msamba, au aukinge kwa mkono wake, au aukande. Kitambaa hicho, tofauti na kukanda nyumbani, kimeonekana kupunguza hata ile mipasuko mibaya. Ajabu ni kwamba ndicho kitu rahisi kuliko vyote.

Mwongozo huo huo unataka mama aachwe achague mkao wake. Wengi huona nafuu wakilala ubavu, au wakipiga magoti. Na kichwa kinapochomoza, pale unaposikia moto, ndipo wa kuacha kusukuma kwa nguvu na kuhema kwa pumzi fupi fupi ili mtoto atoke polepole. Sikiliza mkunga anavyokuelekeza.

Najua utaniuliza: nani atanipa kitambaa cha moto katika wodi ambayo sista ni mmoja nasi tumejaa? Ni swali la haki. Lakini kitambaa unaweza kukibeba kwenye mfuko wako pamoja na nguo za mtoto na sodo, na ombi huwa jepesi likitolewa mapema. Likizungumzie kliniki, wiki kadhaa kabla, kwa upole: "Sista, ningependa kulala ubavu, na ningeomba uniwekee kitambaa cha moto." Wakunga wengi niliozungumza nao walisema hawachukizwi na mama anayejua anachotaka. Huchukizwa na anayepiga mayowe.

Na ukichanika licha ya hayo yote, usijilaumu. Mtoto akiwa mkubwa, au akilazimika kuvutwa kwa mashine, msamba unaweza kushindwa hata uwe umekandwa kwa mafuta ya debe zima. Kabla hujaondoka, uliza umeshonwa kiwango gani. Ukiwa nyumbani, osha kwa maji safi na badilisha sodo mara kwa mara. Rudi hospitalini upesi ukiona usaha, harufu mbaya, homa, mshono kuachia, au ukishindwa kuzuia hewa au choo. Hilo la mwisho kina mama wengi hulificha kwa miaka. Linatibika, hasa likiwahiwa.

Mdogo wangu alianza alipofikisha wiki ya 34. Usiku wa kwanza alidumu dakika mbili, nusu ya muda huo akicheka. Usiku wa tatu alinipigia simu kusema kwamba kumbe haiumi, ni kama kuvuta mdomo kwa vidole. Wiki hii tumbo limemzidi na sasa mumewe ndiye anayesaidia. Alipoambiwa mara ya kwanza alinyamaza kitambo, akaenda kutafuta kikata kucha, kisha akarudi na swali moja tu: kama ni yale yale mafuta ya alizeti yaliyo jikoni.

Wamenunua kichupa kingine. Kiko juu ya kabati la chumbani, na mumewe amekiandika kwa kalamu nyeusi ya wino mzito: "Si ya kupikia."